Anti, mdogo wangu anatumia kokeini, nimeambiwa nimpeleke Itega akanywe methadoni, ni kweli atapona?

Mbukwa Anti, shikamoo. Naomba unisome mpaka mwisho maana ni ndefu na sina mtu mwingine wa kumwambia, huku mtaani kwetu Chang'ombe ukifungua mdomo asubuhi ikifika jioni mtaa mzima unajua.

Mi nina miaka 36, nina ofisi yangu ya kushona maeneo ya Majengo. Baba alifariki nikiwa ndo nimemaliza fomu foo, mama yuko Mpwapwa analima, kwahiyo huyu mdogo wangu wa mwisho nimemlea mimi hapa mjini mpaka kawa mtu mzima, sasa hivi ana miaka 29. Ni kijana mchapakazi sana Anti, naomba ujue hilo kwanza kabla sijasema mengine. Alianza kwa kubeba spika za watu kwenye mashughuli, akajichanga akanunua zake, mwisho akawa na mziki kamili, mataa, hema, viti, jenereta, na maiki anashika mwenyewe maana ana mdomo mzuri. Tangu serikali ihamie huku Dodoma hakuna wikendi isiyo na sendofu au harusi, na kipindi cha Bunge ndo kabisa mji unajaa, kwakweli hela ilikuwepo na mi alinisaidia sana, hata cherehani ya pili kaninunulia yeye.

Anavosema mwenyewe ilianzia kwenye pati ya mteja mmoja mwenye hela zake. Alikuwa kakesha tangu ijumaa, jumapili hajiwezi, akaambiwa jaribu hii kidogo tu usingizi utausikia kwa wenzio. Mi mwanzo niliona tu kachangamka, anaongea harakaharaka, ana mipango mikubwa, mara atajenga ukumbi wake mara atanunua fuso. Afu akaanza kupungua mwili, mafua hayaishi, mara pua inatoka damu. Siku moja nimeenda kwake kumfulia nikakuta foronya ina madoa ya damu, nikafungua droo kutafuta sabuni nikakuta noti ya elfu kumi imeviringishwa kama mrija, kwa ndani ina ungaunga mweupe, na kitambulisho chake cha NIDA kiko pembeni makali yake meupe hivohivo. Nilisimama pale sijui muda gani. Nilimuuliza akasema ni dawa ya mafua, siku nyingine nilipomkomalia ndo akasema ukweli.

Sasa hivi anaweza kukesha siku mbili tatu, afu akija kulala analala mchana na usiku, akiamka anakula kama mtu aliyetoka kulima, afu baada ya hapo anakuwa mnyonge anaangalia ukuta tu, simu za kazi hapokei. Wikendi ikifika akapata hela ya shughuli mkononi anapotea tena. Mikisa kauza, spika mbili za besi kauza, jenereta liko rehani kwa mtu. Ana mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, sijui mingapi. Kuna kijana anakuja na pikipiki pale ofisini kwangu anakaa tu nje, anauliza "bosi yuko wapi", hafanyi fujo ila mi moyo unanienda mbio. Wifi yangu kachukua mtoto karudi kwao Manyoni na simlaumu.

Mwezi uliopita alibanwa na kifua usiku, alikuwa amechanganya na pombe, jasho linamtoka, tukamkimbiza hospitali. Pale mi nikaogopa kusema, nikasema ni uchovu wa kazi, wakamtundikia dripu asubuhi tukarudi. Na wiki hii kaniambia "dada mi nimechoka, bora tu nimfuate baba nipumzike". Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Tumekaa kikao cha familia. Baba mdogo anasema apelekwe kijijini afungwe kamba ndani mpaka imtoke, eti huko hakuna huo unga. Mama mchungaji anasema ni pepo tufunge na kuomba. Rafiki yangu anasema nimpeleke Itega akanywe methadoni, ni bure, kuna kijana wa mtaani kwao alikuwa teja kabisa sasa hivi anauza mitumba ana maisha yake. Mwingine kaniletea namba ya soba hausi Dar, zile nyumba za kukaa watu wanaoacha dawa za kulevya, nimepiga wakasema nikilipa miezi sita kwa mkupuo wanahakikisha anapona kabisa harudii. Nina kiwanja Nzuguni, dalali nimeshampata. Niuze? Na yeye mwenyewe siku moja anakubali kesho yake anasema "mi sio teja, mateja ni wale wanaosinzia stendi". Mama bado hajui chochote. Nisaidie Anti.

Dada wa Chang'ombe, Dodoma

ANTI ANAJIBU

Marahaba mdogo wangu, mbukwa. Nimekusoma mpaka mwisho na nimekurudia tena, na naanza na lile ulilolitaja kwa mstari mmoja ukalipita, la kumfuata baba. Hilo usiliache mpaka kesho. Mtu anayetumia kokeini akiishiwa, furaha yote inamkauka kichwani kwa siku kadhaa, na hiyo hali unayoiona ya kuangalia ukuta ndo saa ambayo watu hufikia kujidhuru, hata kama wiki nzima alikuwa anacheka. Muulize waziwazi, "unafikiria kujiua?", kwa sauti ya kawaida ya dada yake. Kumuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo, kunampa nafasi ya kulitoa. Asilale peke yake siku hizi, sumu za panya, za shambani na vidonge vya ziada vitoke ndani ya nyumba, na akikwambia ndiyo, au ukamuona anagawa vitu vyake na kuaga watu, hapo hakuna kikao tena, ni kumpeleka hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane.

La pili ni kile kifua. Sikulaumu kwa kuogopa, watu wengi wanaogopa wakidhani daktari ataita polisi, ila nataka ujue kwa nini safari nyingine lazima useme. Kokeini inabana mishipa ya damu huku inaulazimisha moyo ukimbie, kwahiyo hata kijana wa miaka 29 ambaye hajawahi kuumwa presha anaweza akapata shambulio la moyo au kiharusi. Na pombe akichanganya humo, ini linatengeneza kitu kingine kinaitwa kokaethileni, kinakaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini yenyewe na kinauchosha moyo zaidi. Wanaochanganya wanadhani pombe inawatuliza, kumbe ndo wanajiongezea mzigo. Daktari akijua, kuna vipimo vya moyo atavifanya, na kuna dawa fulani za moyo ataziepuka kwa mtu aliyetoka kutumia, asipojua anatibu gizani. Kwahiyo kifua kikibana tena, au akianguka degedege, au mwili ukawa wa moto sana na anaongea vitu visivyoeleweka, mkimbize Benjamin Mkapa au hospitali ya rufaa ya mkoa, yoyote iliyo karibu, na neno la kwanza mlangoni liwe "ametumia kokeini na pombe, saa fulani".

Sasa methadoni. Rafiki yako hajakudanganya, na yule kijana wa mitumba naamini kabisa alisaidiwa pale, ila nina hakika kubwa kwamba alikuwa anatumia heroini. Methadoni ni dawa ya watu wa heroini. Inakaa palepale kwenye ubongo ambapo heroini inakaa, inaondoa arosto, yale mateso ya kukosa unga, bila kumlewesha mtu, anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, na kwakweli imerudisha vijana wengi sana nyumbani tangu ilipoanza Muhimbili mwaka 2011 mpaka ikafika mikoani, na kwenu Dodoma ndo hiyo kliniki ya Itega iliyo chini ya hospitali ya Mirembe. Ila kwa kokeini haifanyi kazi hiyo. Na sio methadoni tu, mpaka leo hakuna kidonge wala sindano iliyothibitishwa ya kuchukua nafasi ya kokeini, si hapa kwetu wala Marekani, kwahiyo mtu yeyote anayekwambia ana dawa ya kuikata anakuuzia maneno. Kumnywesha methadoni mtu ambaye hatumii heroini ni hatari, na wale wa Itega wenyewe hawawezi kumpa bila kumpima.

Hapo kwenye kupima ndo nataka tukae kidogo. Hapa kwetu neno unga linabeba kila kitu, pusha anauza kete anasema hii ni koka, na aliyenunua hana njia ya kujua ndani kuna nini. Ulivyoeleza wewe, kukesha, kuongea haraka, mipango mikubwa, kupungua, pua kutoa damu, afu kulala sana, kula sana na kunyong'onyea, hizo ni dalili za kokeini au kitu cha jamii yake. Heroini inaenda kinyume, inamsinzisha mtu, na ikimkatikia anapata maumivu ya viungo, kamasi, kutapika, kuharisha, miayo na vipele vya baridi. Hata yeye mwenyewe anaposema mateja ni wale wanaosinzia, anaeleza tofauti ya unga na unga, afu anaitumia kujificha. Kipimo cha mkojo kinaonyesha yote mawili, ila kokeini inapotea kwenye mkojo baada ya siku mbili tatu hivi kwa asiyetumia kila siku, kwahiyo apimwe mapema baada ya wikendi, usisubiri ijumaa. Ikionekana heroini pia ipo, hapo mlango wa methadoni unafunguka na rafiki yako atakuwa amekusaidia kweli.

Kwahiyo uende Mirembe. Najua umeshtuka. Najua nchi hii mtu akitaka kukutukana anakwambia utapelekwa Mirembe, na nyie wenyeji wa Dodoma mmekua na hilo neno, hospitali ipo tangu miaka ya 1920 na jina limebeba matusi ya miaka yote hiyo. Lakini ndo hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko mlangoni kwako, watu wengine wanasafiri siku nzima kuifuata, na pale ndani kuna watu wanaosikiliza habari za ulevi na dawa za kulevya kila siku ya Mungu, hawatakushangaa. Anaanza kama mgonjwa wa nje, anaonwa, anapimwa, wanaangalia kama ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, iliyokuwepo hata kabla ya kokeini, maana huyu kijana kafiwa na baba akiwa mdogo na sioni kwenye barua yako kama kuna mtu aliwahi kukaa naye akaongea naye kuhusu hilo. Akikutwa nayo, sonona ina dawa zake na zitamsaidia kusimama. Aombe pia kupima virusi vya ukimwi na homa ya ini, B na C. Watu wengi hawajui kwamba ile noti inayopokezanwa puani ikiwa na damu inaweza kupitisha homa ya ini C.

Ukitaka kuuliza kwanza kabla hujatoka nyumbani, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wana namba ya bure, 119, piga uulize habari za tiba na za soba hausi, jina la mdogo wako huna haja ya kulitaja.

Baada ya hapo ndo lije swali la soba. Mi siko kinyume na soba hausi, zipo zinazoendeshwa na watu waliopitia wenyewe, wana moyo, wana ratiba, wanakaa kwenye vikundi wanazungumza ukweli, na kwa kijana ambaye kila kona ya mji inamkumbusha, kutoka kwenye mazingira kunasaidia sana. Ila nataka uelewe unanunua nini. Kwa kuwa dawa ya kokeini hakuna, tiba yenyewe ni mazungumzo na muda. Mtu anafundishwa na kaunsela kuitambua hamu inapoanza, ilianzia wapi, alikuwa na nani, mfukoni kulikuwa na shilingi ngapi, na afanye nini kwenye ile nusu saa ambayo hamu inapanda kabla haijashuka, maana inashuka, hilo wanalisahau. Sehemu nyingine wanatoa na zawadi ndogo kila kipimo kikiwa safi, na utafiti umeonyesha kwa watu wa kokeini njia hiyo inafanya kazi kuliko watu wanavyodhani. Hayo yanachukua miezi, wataalam wengi hawashauri chini ya mitatu, na hata akimaliza anaendelea kuhudhuria akiwa nyumbani.

Kwahiyo aliyekwambia lipa miezi sita kwa mkupuo anapona kabisa harudii, huyo achana naye. Ugonjwa huu kurudia ni kitu cha kawaida, mtu mwaminifu anayeujua atakwambia hivo kwenye simu ya kwanza kabisa. Ukipata sehemu nyingine, nenda mwenyewe kwa miguu yako, omba uone wanapolala na wanapokula, uliza kama wamesajiliwa na wanatambulika na Mamlaka, uliza daktari wao ni nani na mgonjwa akibanwa na kifua usiku wanampeleka wapi, ongea na kijana mmoja aliye ndani msimamizi akiwa hayupo. Ukiona minyororo, ukisikia habari za fimbo, ukiambiwa ndugu haruhusiwi kumuona miezi yote, ondoka. Na ulipe mwezi kwa mwezi, kwa risiti.

Kiwanja usiuze. Nalisema hili kwa uzito. Ukianzia Mirembe kama mgonjwa wa nje gharama zake haziwezi kufika bei ya kiwanja Nzuguni, na hela nyingi ikiingia kwenye familia yenye mtu anayetumia, ataijua, na hamu yake itaijua kabla yake. Wadai nao wataijua. Mwambie dalali umesitisha.

Madeni yaandikeni. Akiwa ametulia kaeni na daftari, kila deni, nani, kiasi gani, riba gani, rehani gani. Kausha damu wanaishi kwa aibu ya mtu, wanajua hataki ndugu wajue, sasa mkishajua nyie nguvu yao inapungua, mnaweza kuongea nao mlipe kidogokidogo, na alipe yeye kwa kazi yake, wewe usimame tu pembeni. Yule wa pikipiki ni habari nyingine. Kama ni mdai wa mkopo ataongea kwa karatasi. Kama hana karatasi unajua mwenyewe anadai nini, na hapo usimpe hata mia, ukimpa mara moja ofisi yako imekuwa kituo chake. Usikae naye peke yako, funga mapema, mwambie mwenye fremu ya jirani awe anachungulia, na siku akitamka neno la kutishia nenda polisi ukatoe taarifa ya vitisho dhidi yako wewe. Na kwa mdogo wako kuanzia leo hela taslimu usimpe. Chakula mpe, umeme mnunulie, dawa mnunulie, nauli panda naye gari.

Sasa lile ambalo kwenye kikao chenu naona hamkuligusa kabisa, na mi ndo naliona kubwa kuliko soba na kuliko Mirembe. Kazi yake. Huyu kijana anafanya kazi usiku, ijumaa mpaka jumapili, katikati ya pombe, anatakiwa awe mchangamfu kuliko watu wote ukumbini, afu saa nane usiku anawekewa laki kadhaa mkononi akiwa hajalala. Ubongo wake umeshafunga vitu hivyo vyote pamoja, mziki ukipigwa, mataa yakiwaka, noti ikigusa kiganja, hamu inaamka yenyewe kabla hajafikiria lolote. Anaweza kukaa miezi sita mahali safi, akarudi msafi kweli, mkamfanyia na ibada ya shukrani, ijumaa ya kwanza akashika maiki, jumapili mkaanza upya. Ndo maana familia nyingi zinasema soba haifanyi kazi, kumbe soba ilifanya yake, nyumbani ndo hakukuandaliwa.

Kuandaa ni hivi. Mziki usiuzwe wote, ndo mtaji wake na ndo heshima yake, lakini kwa muda asiupige yeye. Yupo kijana anayembebea spika, yule mwaminifu kidogo, aende yeye kwenye shughuli kwa makubaliano, na malipo yaingie kwenye simu yako wewe, mteja aambiwe hivo tangu mwanzo. Yeye abaki na vya mchana, viti, hema, kwenda kufunga na kufungua, mikutano na semina zinazoisha saa kumi jioni, na Dodoma hizo hazikosekani. Laini ya simu abadilishe, namba za wale jamaa zisiwepo. Wikendi isimkute peke yake chumbani, awe na kitu cha kufanya na mtu wa kukaa naye, hata kama ni kuja kukaa ofisini kwako kupiga pasi nguo za wateja. Haya yaanze kabla hajaenda popote, msisubiri arudi.

Baba mdogo wako msikilize kwa heshima, ila kamba hapana. Mtu wa kokeini akifungwa ndani peke yake katika zile siku za unyonge, na kashasema anataka kumfuata baba, mnaweza mkafungua mlango mkakuta msiba. Kijijini akienda kupumzika kwa hiari yake baada ya kuonwa na daktari sina ugomvi, mpe baba mdogo kazi hiyo, naye anampenda huyu mtoto, anatafuta pa kushika tu. Na maombi yaendelee, mama mchungaji awaombee na asiwaambie muache hospitali. Mtu anaweza kwenda kliniki jumatatu na kanisani jumapili.

Kuhusu yeye kukubali leo kukataa kesho, hiyo ndo hali yenyewe, usiione ni uongo. Akiwa na hela anakataa, akiwa mnyonge anakubali, kwahiyo tafuta ile saa katikati, ameshalala, ameshakula, akili imetulia, jumanne hivi. Muwe wawili tu, watu wengi watamfanya ajitetee. Usimwite teja, hilo neno atalipigania siku nzima na mtakuwa hamjaongea kitu. Mwambie ulichokiona kwa macho, foronya, mikisa, kifua usiku ule, mwanae yuko Manyoni, na umwambie unaogopa. Afu umuombe kitu kimoja kidogo, twende tukapime tu, nakusubiri nje. Ukimuomba akubali kukaa soba miezi sita atakataa. Ukimuomba asubuhi moja anaweza kukubali, na akishafika pale wenye kazi yao wataendelea. Siku akisema ndiyo, msiahirishe hata kwa ajili ya nguo za mteja.

Wifi yako mpigie. Usimuombe arudi, alifanya la maana kumtoa mtoto, mwombe tu ajue mnampeleka hospitali, na mtoto aruhusiwe kuongea na baba yake kwenye simu siku ambazo baba yuko sawa. Vijana wengi nimeona wanashikilia hapo.

Na wewe mwenyewe, pale Mirembe omba na wewe uongee na kaunsela, hata mara moja, usiishie kukaa kwenye benchi. Umelea mtoto ukiwa na umri wa fomu foo, sasa unamlea tena na hulali.

Mama usimfiche. Baba mdogo yuko kwenye kikao, haitapita wiki mbili habari itafika Mpwapwa, na itafika kwa namna atakayoisimulia yeye, na kamba ndani yake. Panda gari uende mwenyewe, mwambie uso kwa uso, taja kokeini kwa jina lake na mweleze ni ugonjwa unaotibiwa na kwamba mtoto ameshaanza au anakaribia kuanza kutibiwa. Atalia, mwache alie. Afu mwambie akimpigia asimuulize kuhusu unga, amuulize kama amekula, na hela ya mazao akiuza asimtumie hata kama atamwambia ni ya hospitali, aitume kwako.